Ugumu wa Ini

Mkono wa tabibu ni mzee kuliko vyombo vyake vyote. Tangu zamani tabibu ameweka vidole juu ya tumbo la mgonjwa, akabonyeza, akapambanua palipo laini na palipo pagumu. Kwani mwili, kama embe, huwa na habari ndani ambayo ngozi haiisemi. Lakini mkono haujui hesabu. Tabibu mmoja husema ni gumu, wa pili husema ni gumu kidogo, na mgonjwa hubaki katikati ya maneno mawili.

Ini ni kiungo kisicholalamika. Virusi, ulevi, au mafuta yaliyozidi huweza kulijeruhi miaka mingi pasipo maumivu. Jeraha huacha kovu, na makovu yakisongamana ini huwa gumu. Aliyetaka kuliona kovu hilo hakuwa na budi kuingiza sindano na kutoa kipande ambacho ni kama sehemu moja katika 50,000 ya ini lote. Wengi waliiogopa sindano, wakachagua kutojua; na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwaka 1991 Jonathan Ophir na wenzake, huko Houston, Marekani, walieleza njia ya kupiga picha ya ugumu kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Mwaka 1995 wataalamu wa Mayo Clinic walionyesha njia nyingine kwa mashine ya sumaku. Kisha Wafaransa walitengeneza chombo kinachogonga ubavu kwa upole. Siri yake mpiga ngoma anaijua: ngozi iliyowambwa sana hupitisha mtikisiko upesi kuliko iliyolegea. Katika ini pia mtikisiko huenda mbio penye ugumu, hujikokota penye ulaini. Mwendo huo hupimwa, ukageuzwa kuwa tarakimu za kilopaskali. Ini lenye afya aghalabu huwa karibu na 5, lipitalo 12.5 hutiliwa shaka ya makovu makubwa.

Hata hivyo chombo si kadhi. Aliyetoka kula, au mwenye ini lililovimba, huweza kupewa tarakimu kubwa kuliko haki yake. Ndiyo maana huambiwa akae bila chakula muda usiopungua saa tatu. Tarakimu ni shahidi. Hukumu ni ya tabibu.

Pale chombo hiki kilipo, mwoga ameondolewa udhuru. Aliyekimbia sindano hana sababu ya kukimbia mguso. Kovu lijulikanalo mapema huweza kupungua chanzo chake kikiondolewa. Lijulikanalo mwisho hudai maisha.