Nje ya Mwamba

Katika mchezo wa kompyuta wa Subnautica, uliotoka rasmi mwaka 2018, pahali panapotisha kuliko pote ni pale pasipo na kitu. Mchezaji ameanguka na chombo cha angani kwenye sayari ya maji. Anaishi juu ya volkano ya zamani: matumbawe, majani ya baharini, samaki wa kumtosha. Akiogelea mbali mno, mwamba unakatika, chini panakuwa bluu, halafu peusi. Kifaa chake kinamwonya kwa sauti kwamba anaingia eneo lililokufa. Akijitia ubishi, yanamjia madude marefu kupita mita 100, yanayong'aa, unayaona hadi mifupa.

Mtoto wa dada yangu anaucheza kwenye laptopu ya kuazima. Akifika ukingoni anageuza mbio. "Mjomba, huku hakuna chini!" Ni kweli. Sisi wa Palma huko tunakuita nje ya mwamba.

Kitu kimoja waliotunga mchezo wamekipatia. Lile dude halina njaa na mtu, lenyewe linakula vijidudu visivyoonekana. Linakushambulia kwa sababu umeingia kwake, basi.

Ila hilo la "eneo lililokufa" silikubali. Kwetu, kipupwe kikiingia, nangumi wanakuja na watoto wao hadi karibu na Novemba, na ukizamisha kichwa majini unaweza kuwasikia. Chini zaidi kuna gesi. Ule mtambo unaoelea, Coral Sul, uko juu ya maji ya kina cha mita 2,000 hivi, na shehena yake ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Mle kwenye mchezo, hata ushuke mpaka kwenye ziwa la moto chini ya volkano, kina hicho hukifikii.

Palma iliposhambuliwa, tarehe 24 Machi 2021, mtambo huo ulikuwa haujafika. Nje kulikuwa giza tupu. Mashua za kwenda Pemba kwa kawaida hupita ndani, kati ya visiwa na bara, maji ya kupondea. Nahodha wetu akakataa. Visiwa vingine vilishachomwa mwaka uliotangulia, na hakuna aliyejua nani anavizia kwenye mikoko. Akatutoa kwa mlango wa mwamba, kaskazi ya mwishomwisho ikitusukuma. Mashua ile haikuwa ya bahari kuu, jamani. Oktoba 2020 chombo kilichobeba wakimbizi kilizama karibu na Makalowe, wakafa makumi ya watu, na kila mtu mle ndani alikuwa na habari hiyo.

Kabla ya alfajiri nahodha akamwambia baharia atupe bildi. Kamba ikaenda, ikaenda, ikaisha.

"Haigusi," akasema baharia.

Hapo ndipo mama mmoja aliyekuwa ameziba mdomo wa mwanawe tangu tulipong'oa nanga alipoondoa mkono. Mtoto akalia kwa sauti, akaachwa alie. Wengine wakaanza kuongea. Mtu akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Mpwa wangu alikuwa na miaka minne, amelala juu ya gunia. Hakumbuki lolote. Juzi aliniuliza, hivi ukipita pale ukaendelea tu, unatokea wapi?

Nikamwambia, Paquitequete.