Meseji ya saa kumi alfajiri

Mpenzi msomaji, kama umeolewa au una mchumba na mna akaunti moja benki, hebu kaa vizuri nikusimulie. Ila usinicheke.

Ilikuwa Septemba 2023, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Kihesa mwezi huo baridi imeshaanza kupungua, lakini alfajiri bado unalitafuta blanketi. Mume wangu alikuwa safarini Marekani, na mimi nililala na simu chini ya mto, maana saa nane za tofauti zinamfanya mtu akutafute wakati wewe unaota. Simu ikalia mara moja. Nikaidaka nikijua ni yeye.

Haikuwa yeye. Ilikuwa benki. Shilingi 437,500 zimetolewa kwenye akaunti yetu, halafu jina la mahali nisipopajua, halafu Minnesota. Salio lililobaki, shilingi 174,500. Saa 10 na dakika 12.

Jamani! Usingizi uliisha hapo hapo.

Ili unielewe, lazima nikurudishe nyuma kidogo. Mwaka 2019 mume wangu alimkopesha mdogo wake laki nane bila kuniambia. Zilikuwa hela za kupaulia nyumba. Nilizijua siku fundi alipokuja kudai, nikabaki namtolea macho. Tuligombana wiki nzima, wazee wakaingilia kati, mwisho tukakubaliana mambo mawili: tufungue akaunti ya pamoja, na mtu asitoe zaidi ya laki moja bila kumwambia mwenzake. Tangu hapo tulikuwa tunaenda vizuri. Kila mtu na kadi yake, kila meseji ya benki inaingia kwenye simu zote mbili. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mimi nafanya kazi ya uhasibu kwenye ofisi moja hapo mjini. Ndiyo, uhasibu. Ndiyo maana nimesema usinicheke.

Safari yenyewe haikuwa ya ajabu. Watu wa Iringa mnajua, Dayosisi ya Iringa ya KKKT na Walutheri wa Saint Paul kule Minnesota wana ushirika wa miaka mingi unaoitwa Bega kwa Bega, na watu wa huku na kule hutembeleana. Yeye alibahatika kwenda wiki tatu, akafikia kwa mzee mmoja mstaafu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia asibebe dola nyingi mfukoni, atumie kadi.

Sasa fikiria mwanamke peke yake kitandani, saa kumi alfajiri, na kidonda cha 2019. Ningeweza kumwuliza amenunua nini. Sikuuliza hivyo. Niliandika: "Baba Junior, laki nne na nusu umempa nani?" Dakika tano hajajibu. Nikaongeza: "Kama una mtu huko niambie tu, mimi si mtoto." Halafu ya tatu, ambayo siiandiki hapa kwa sababu mama mkwe wangu anasoma gazeti hili.

Jibu lilikuja saa kumi na mbili asubuhi, maana kule alikuwa anapata intaneti akiwa nyumbani kwa mwenyeji tu. "Mama, nimeweka mafuta ya dola 23 kwenye gari la mzee. Alikuwa anaendesha yeye, mimi nikasema leo acha nilipe. Risiti hii hapa." Akatuma na picha. Kweli, risiti ilisema dola 23 na senti 40, ambazo hata kwa bei mbaya hazifiki elfu sitini.

Unajua nilimjibu nini? "Risiti mtu anaweza kuokota."

Hakujibu tena siku nzima.

Lakini kuna jambo sijakuambia bado, na ndilo lililokuwa linanichoma zaidi kuliko huyo mwanamke wa kufikirika. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha kina mama hapa Kihesa. Ijumaa ile tulikusanya shilingi 350,000, na kwa kawaida hela zinalala kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Funguo moja ilikuwa kwa mwenzetu aliyefiwa, kasafiri. Nikaogopa kulala na hela za watu nyumbani mwenyewe, nikapita kwa wakala nikaziweka kwenye akaunti yetu. Sikumwambia mwenyekiti. Sikumwambia mume wangu. Zilikuwa za siku tatu tu, nani angejua? Kwa hiyo katika zile 612,000 zilizokuwemo kabla ya meseji, zaidi ya nusu hazikuwa zetu. Na Jumatatu saa kumi jioni mwenzetu mmoja alitakiwa kuchukua mkopo wa laki tatu, ada ya chuo ya mwanawe. Mimi nina 174,500.

Jumapili hiyo sikuonja chakula. Unga ulichemka jikoni mpaka ukashika sufuria.

Jumatatu asubuhi nilipanda daladala la kwanza kwenda mjini, nikawa mtu wa pili kwenye foleni benki. Kijana wa kaunta alisikiliza, akabofya, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza, salio la kwenye vitabu: 612,000. Wa pili, salio unaloweza kutumia: 174,500. "Dada, hela yako haijaenda popote," akasema. "Imeshikiliwa."

Nilitaka sakafu inimeze. Mistari hiyo miwili nimeiona kwenye risiti za ATM miaka yote, na kazini kila mwezi nalinganisha vitabu na taarifa za benki. Lakini meseji ilisema "zimetolewa", na mtu mwenye hasira hatafuti mstari wa pili. (Na mimi nasema hadi leo: benki iandike "zimeshikiliwa". Neno moja tu lingeniokoa.)

Mambo yenyewe yako hivi. Sisi huku ukiingia sheli unamwambia mhudumu, "Weka ya elfu ishirini." Kiasi kinajulikana kabla mpira haujaingia kwenye tenki. Kule Marekani pampu nyingi hazina mhudumu. Unachomeka kadi mwenyewe, unashika mpira mwenyewe, unajaza mpaka utosheke. Pampu haijui kama una kigari kidogo au limkokoteni linalokunywa lita mia, na wala haijui kama ukishajaza benki yako itakuwa na cha kulipa. Kwa hiyo kabla haijafunguka inaiuliza benki: huyu mtu ana kiasi fulani? Benki ikijibu anacho, kiasi hicho kinawekwa pembeni, hukigusi, mpaka kituo kitakapoleta hesabu halisi ya ulichoweka. Hesabu ikifika, wanakata ile ya kweli na iliyobaki wanaiachia.

Kiasi gani? Kinategemea kituo. Kuna vinavyoshikilia dola moja tu, kuona kama kadi iko hai. Kuna vinavyokwenda hadi ukomo. Na ukomo huo ulipanda mwaka 2022, mafuta yalipokuwa ghali dunia nzima baada ya vita vya Ukraine: Visa na Mastercard waliutoa dola 125 wakaufikisha 175 kwa pampu za Marekani. Piga mara 2,500, ambayo ndiyo benki yetu iliyotumia siku ile. Unapata 437,500 kamili. Nilipiga hesabu hiyo pale pale kaunta kwa simu yangu, nikaona namba ileile iliyonitoa usingizini, nikaishiwa nguvu.

"Sasa iachieni," nikamwambia. Akatikisa kichwa. Benki haiwezi kuachia mpaka kituo kilete kiasi halisi au muda wa kushikilia uishe. Inaweza kuwa dakika chache, inaweza kuwa siku kadhaa, na hapo katikati palikuwa na wikendi. Wamarekani wenyewe wanalalamika, hasa wenye kadi kama zetu zinazochota kwenye akaunti moja kwa moja. Mwenye kadi ya mkopo akishikiliwa, kinachopungua ni ukomo wa kukopa tu. Sisi kinachoshikiliwa ni ugali.

Basi ikabidi niende kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu ni mama wa makamo, ana duka sokoni Kihesa, na hajawahi kumiliki kadi ya benki. Nilimkuta anapanga vinywaji. Nikamwamkia, "Kamwene, mama," nikakaa kwenye gunia, nikamweleza yote, kuanzia wakala wa Ijumaa. Nilipofika kwenye pampu nikaanza kujikanyaga, salio hili, salio lile. Akanikatiza.

"Kwani mwanangu, wewe ukija kuchukua kreti ya soda hapa huna chupa, mimi nafanyaje?"

"Unachukua hela ya chupa kwanza, mama."

"Ukirudisha chupa?"

"Unanirudishia."

"Basi huyo mzungu kakuwekea hela ya chupa. Kinachonishangaza ni wewe kuweka hela zetu mfukoni kwako."

Hapo nilinyamaza, maana alishaelewa kuliko mimi, na alishafika penye kosa. Tofauti moja tu niliiona baadaye: yeye ukichukua kreti anakuambia mapema hela ya chupa ni kiasi gani. Pampu, kama kuna maandishi, yamebandikwa kwa herufi ndogo pembeni, kwa Kiingereza, na mgeni amesimama kwenye upepo anaogopa kumchelewesha mwenyeji.

Jioni kwenye kikao niliinuka nikasema mbele ya wenzangu kumi na tisa. Mwenyekiti alitoa laki tatu za dukani kwake, mwenye ada akapata ada yake, na mimi nikapigwa faini ya elfu kumi. Hakuna aliyeniita mwizi. Lakini kuna mama mmoja aliuliza kwa upole, "Na ingekuwa kweli mumeo kazitumia?" Sikuwa na jibu.

Usiku huo nilimtumia mume wangu meseji ndefu ya kuomba radhi. Alinijibu kwa sauti, dakika nzima, na nusu ya kwanza nilisikia tu anavuta pumzi. Akasema, "Mama Junior, ile ya 2019 uliniadhibu nikakubali, maana nilikosea. Hii imeniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa namnunulia mzee wa watu mafuta." Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa: hizo laki tatu na nusu za kina mama, nilimwambia lini? Kanuni ya laki moja ni ya kutoa tu, au na ya kuingiza?

Wanaume bwana. Wakipata pa kushika wanashika. Ila alikuwa na haki.

Alhamisi mchana, niko ofisini, benki ikatuma meseji mbili zimefuatana. Ya kwanza, 437,500 zimerudi. Ya pili, 58,500 zimetolewa. Salio 553,500. Nilipita kwa wakala nikatoa hela za kikoba siku hiyo hiyo, nikazipeleka kwa mwenyekiti nikiwa nimeshikilia pochi kwa mikono miwili. Mwenye laki tatu akazipokea dukani, akahesabu mara mbili mbele yangu, na nilistahili.

Siku zilizobaki za safari mume wangu alibadili mtindo, alifundishwa na mwenyeji wake. Hakuchomeka tena kadi kwenye pampu. Aliingia ndani kwa mhudumu wa kaunta, akataja namba ya pampu na kiasi anachotaka, dola ishirini, ikashikiliwa ishirini basi. Isitoshe, pampu nyingine zilikuwa zinaikataa kadi yetu kabisa, zinadai tarakimu tano za posta ya mwenye kadi. Postikodi na sisi Tanzania tunazo siku hizi, lakini jaribu kuielezea Kihesa kwa mashine inayojua posta za Marekani tu. Na wewe unayejiandaa kwenda kupumzika Zanzibar au kukodi gari ughaibuni, jua kuwa hoteli nyingi na wakodisha magari hufanya mchezo huohuo wa hela ya chupa wakati wa kuingia. Uliza mapema ni kiasi gani na kitaachiwa lini, halafu mwambie mwenzako kabla simu yake haijalia.

Alirudi Oktoba. Nilimpokea stendi, akanikumbatia mbele za watu, kitu ambacho hakifanyi kawaida. Tumerekebisha kanuni yetu: kutoa na kuingiza, vyote vinatajwa, na hela za kikoba hazilali kwetu hata kama funguo zote tatu zimepotea. Mzee wa Minnesota ametuandikia mara mbili tangu hapo, na mara zote ameshukuru kwa mafuta.

Ila zile meseji zangu za alfajiri mume wangu hajazifuta. Niliziona mwezi uliopita alipoazima chaja yangu na kuniachia simu yake. Nilimwuliza kwa nini anazitunza. Akasema atazifuta tu, hana haraka.