Kura ya Mwanakijiji

Serikali ya watu husifiwa kwa mambo makubwa: bunge, katiba na bendera. Lakini atakaye kuijua faida yake na aende katika kijiji kimojawapo cha Ikungi au Mkalama, mkoani Singida, siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Hapo hukaa wakulima wa alizeti na wafugaji, wake kwa waume, na kila aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kunena. Sheria ya mwaka 1982 iliupa mkutano huo uwezo wa kuchagua halmashauri ya kijiji. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 ikaizuia halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano. Mwenye shamba la ekari mbili hana ngome nyingine. Kiongozi atamaniye kuuza malisho kwa siri hujua kuwa ataulizwa mbele za watu, na ya kuwa miaka mitano haikawii kwisha. Hofu hiyo ndogo ni mali kubwa kwa maskini. Kweli, mikutano mingine husinzia na hesabu nyingine hazisomwi. Hata hivyo raia aliyenyimwa hesabu hudai, mtumwa huomba.

Kura pia humshusha mkubwa pasipo damu. Mwaka 1965, ijapokuwa chama kilikuwa kimoja, wapiga kura wa Tanganyika walichagua baina ya alama ya jembe na alama ya nyumba, na Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akashindwa. Hakuna panga lililochomolewa.

Thamani ya kitu huonekana kinapokosekana. Jimbo la Singida Mashariki lilimchagua Tundu Lissu mwaka 2010, likamrudisha mwaka 2015. Tarehe 7 Septemba 2017 alipigwa risasi Dodoma, akatibiwa Nairobi na kisha Ubelgiji. Juni 2019 Spika alitangaza kuwa kiti ki wazi, kwa sababu ya kutohudhuria vikao na kutowasilisha tamko la mali. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, na mgombea mmoja akapita bila kupingwa. Huenda alifaa, hilo silo swali. Waliompenda Lissu hawakuulizwa, wala waliomchukia hawakuulizwa, na mbunge mpya akaapishwa mwaka ule ule pasipo kura hata moja kuhesabiwa.