Zimbabwe Kuu: Nyumba za Mawe Zilizonyimwa Wenyewe

Kusini mwa nchi ya Zimbabwe, karibu na mji wa Masvingo, yapo maboma ya kale yaitwayo Zimbabwe Kuu. Ukuta wa boma kubwa una mzunguko wa mita 250 hivi, na mahali pengine kimo chake chafikia mita 11. Mawe yake ya itale yamepangwa moja juu ya jingine bila ya kitu chochote cha kuyashikiza.

Waliojenga maboma hayo, kati ya karne ya 11 na ya 15, ni mababu wa Washona wa leo. Hata jina lenyewe ni la Kishona, dzimba dza mabwe, na Mswahili hahitaji mkalimani kutambua kuwa ni nyumba za mawe.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mgeni aliyefika hapo na kitabu cha watalii mkononi alielezwa mambo mengine. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alikuta humo kipande cha mti chenye kunukia, akakiita mwerezi wa Lebanoni, akakata shauri kwamba maboma hayo ni kazi ya Malkia wa Sheba. Dhana hiyo iliwafaa sana walowezi. Ikiwa Mwafrika hakujenga kitu, basi kumnyang'anya ardhi hakukuwa dhuluma.

Wataalamu waliikanusha mapema. David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba na kuthibitisha kwamba wajenzi ni Waafrika. Miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa mahali hapo kwa nyakati mbalimbali ni vyombo vya China na sarafu ya Kilwa, dalili ya biashara ya dhahabu kati ya dola hiyo na pwani.

Lakini baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, serikali yao iliwabana watumishi wa makumbusho na waandishi wa vitabu vya wageni wasiutamke ukweli huo waziwazi. Peter Garlake, mkaguzi wa mambo ya kale, hakukubali, akaihama nchi mwaka 1970. Haki ilirudi mwaka 1980, taifa huru lilipojiita kwa jina la maboma hayo.

Kasumba ya namna hiyo haikuisha na ukoloni. Askari atumwaye ng'ambo, au familia iendayo kutembea nchi jirani, hukisoma kitabu kabla ya kuwaona watu. Basi na akisome kwa kuuliza: Nani ameandika? Wenyeji wanasema wenyewe, au wanasemewa? Wametajwa kwa kazi zao, au kwa ngoma na mavazi tu? Na mzazi awafunze watoto maswali hayo hayo kabla hawajaamini kila wanaloambiwa juu ya majirani.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kitabu kimfutacho mwenyeji hakimfai hata mgeni.