Siku Niliyoshika Hatamu

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu hapa Uganda nahau "kushika hatamu". Husemwa kwamba kiongozi ameshika hatamu za nchi, na majirani zetu Watanzania, katika zama za chama kimoja, walikuwa na usemi wao: "chama kushika hatamu". Nilieleza kwamba maana yake ni kutawala, na ili ieleweke barabara nilikunja ngumi zangu mbili mbele ya darasa. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili akaniuliza iwapo mimi mwenyewe nimewahi kuzishika. Darasa likaangua kicheko. Nikamtoa nje, akasimama juani hadi kipindi kikaisha.

Likizo iliyofuata rafiki yangu alinialika Lesotho, ufalme mdogo uliozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Basotho walianza kufuga farasi katika karne ya 19, enzi za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, na huko milimani, ambako gari halifiki, farasi hubeba watu na magunia hadi leo. Hata katika nembo ya taifa wamo farasi wawili, mmoja kila upande wa ngao.

Huko Semonkong, mzee mmoja mfugaji alikubali nimpande farasi wake jike, mchanga, aliyekuwa bado anafundishwa. Nilimwita mzee huyo "Ntate", kama adabu ya Kisotho inavyotaka.

Wewe unayejifunza Kiswahili, lihifadhi neno hili ambalo wengi wameshalisahau: telki. Ni mwendo mwepesi wa punda au farasi, wa haraka kuliko kutembea, ila haujawa mbio. Farasi wengi wa Basotho wana mwendo wa namna hiyo kwa asili. Kila kwato hugusa ardhi peke yake, ikifuatana na nyingine kwa mipigo minne, na mpandaji hukaa kana kwamba yuko kitini. Lakini farasi mchanga, aliye na mwendo huo akiwa huru malishoni, huupoteza mara anapobebeshwa mtu. Hana budi kujifunza kuuhifadhi chini ya uzito wa mwingine.

Nilipanda, nikashika hatamu kama nilivyofundisha, kwa ngumi. Farasi akatupa kichwa juu, akapanua kinywa, akaanza kunirusharusha hata meno yangu yakagongana. Nikavuta zaidi. Akasimama, kisha akarudi kinyumenyume kuelekea ukingo wa njia, na chini yake palikuwa na bonde. Sikuthubutu kutazama mara ya pili.

Ntate alikuja polepole, akamshika lijamu, akasema maneno ambayo rafiki yangu alinifasiria: "Huyu mtoto hakatai. Mikono yako inamwambia asimame na miguu yako inamwambia aende. Afuate lipi?"

Akavifungua vidole vyangu kimoja kimoja. Akanionyesha kwamba hatamu hushikwa kama kifaranga: ukikaza atakufa, ukilegeza ataruka. Tulianza tena. Mara ya tatu au ya nne, mtikisiko ukakoma ghafla, nikasikia kwato zikihesabu nne, nne, nne juu ya mawe. Labda ilikuwa hatua hamsini. Kisha nikafurahi mno, nikavuta bila kujua, naye akaupoteza.

Muhula ulipofunguliwa nilimwita yule mwanafunzi mbele ya darasa lilelile. Nilimwomba radhi, nikamjibu swali lake: nimezishika, asubuhi moja tu, na nilizishika vibaya. Aliuliza kama farasi aliniangusha. Safari hii nilicheka nao.