Makaa Yasiyochomwa

Makaa yakitajwa sokoni Kabati, magharibi ya mji wa Kitui, akili ya msikilizaji hukimbilia jikoni. Makaa ni kitu cha kuchomwa. Fikra hiyo ilifika hata katika Bonde la Mui, katika kaunti hiyo hiyo, ambako makaa ya mawe yamelala ardhini. Mwaka 2011 kampuni ya Fenxi kutoka China iliteuliwa kuyachimba katika vitalu C na D, na kitalu C pekee kikakadiriwa kuwa na tani milioni 400. Hoja iliyovuma ni kwamba yachomwe, umeme upatikane.

Jina, hata hivyo, laweza kumfumba mtu macho. Makaa ya mawe ni ghala la kaboni. Yakisagwa na kupikwa katika kiyeyushi, mathalani kile kiitwacho NMP, sehemu yake huyeyuka, kama vile rangi na ladha ya majani ya chai zihamiavyo majini. Madini yaletayo majivu hubaki katika chujio. Kiyeyushi hutenganishwa kwa mvuke, kikatumika tena, na kinachosalia hufanana na lami. Lami hiyo ikiokwa pasipo hewa hugeuka koki, kaboni ngumu iwezayo kuundiwa elektrodi za viwanda vya alumini na chuma. Aidha, yaweza kuvutwa ikawa nyuzi za kaboni. Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, ni miongoni mwa waliotafiti njia hii.

Je, hii ndiyo salama ya Mui? Hapana budi kutahadhari. Si makaa yote ya mawe huyeyuka sawasawa. Mengine huhitaji kuongezewa haidrojeni kwanza. NMP nayo huweza kudhuru mimba, na katika nchi kame kama Kitui, kisima kikichafuka hakuna cha kukimbilia. Fauka ya hayo, shimo ni lile lile: shamba na kaburi la babu huhamishwa kwa ajili ya elektrodi kama ambavyo yangehamishwa kwa ajili ya umeme.

Wahenga walinena: penye miti hapana wajenzi. Mwenye ardhi ya Mui ana haki ya kuuliza zaidi ya idadi ya tani. Na aulize ni nani atakayejenga kwa kaboni hiyo, kiwanda kitasimama wapi, na mwanawe atakuwa mjenzi au mchimba shimo tu. Pasipo jibu, makaa yachomwe au yayeyushwe, atakayebaki na majivu ni yeye.