Nyama ya Kuchoma Ifike Nyumbani

Jioni ya siku ya mshahara twaona jambo moja katika miji yetu, Bukavu kama Lubumbashi. Baba ameketi karibu na mbabula ya mwuza nyama ya kuchoma, ile ambayo watu wa Lubumbashi huiita michopo, chupa mkononi, naye anakula na rafiki zake. Nyumbani mama na watoto wamekwisha kula bugali na sombe. Hatuidharau sombe, ni chakula chema. Twauliza tu: mbona nyama haifiki nyumbani?

Wengi hutujibu kwamba nyama ichomwayo nyumbani ni ngumu. Ni kweli, ng'ombe wa milima ya Kivu hutembea sana, na nyuzi za nyama yake hukaza. Lakini dawa yake yaning'inia uani. Papai bichi lina utomvu mweupe unaolegeza nyuzi hizo. Huko Beni watu wameukinga, wakaukausha, ukapelekwa hata ng'ambo.

Sisi twafanya hivi Dominika, tukiisha kurudi kutoka Misa. (Ijumaa ya Kwaresima, la!) Twakata nyama unene wa vidole viwili. Twaipaka kijiko kimoja cha papai bichi lililoparuzwa, kitunguu saumu kilichopondwa, maji ya ndimu, pilipili na mafuta kidogo, kisha twaifunika. Saa moja yatosha. Papai likikaa usiku kucha, nyama yageuka kama uji. Chumvi twaitia wakati wa kuipeleka motoni.

Mbabula iwe nje, kwani hewa ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa huua watu wakiwa usingizini. Tena tusiharakishe: makala yavae kwanza majivu meupe, ndimi za moto zitulie. Nyama ikiisha kuiva twaiacha ipumzike kidogo, maji yake yasimwagike yote. Ndipo twaikata kwa kukingama nyuzi, vipande vyembamba, hata bibi asiye na meno mengi aweze kutafuna.

Baba ndiye akate, na kipande cha kwanza ampe mama, si yeye mwenyewe. Viungo vilivyobaki katika bakuli vimegusa nyama mbichi. Vichemshwe vizuri, ndipo watoto wachovye bugali.